Modeli ya aota ya tumbo: miezi minane barazani kwetu Chake Chake

Wenzangu wanne wameshaniuliza, wawili wa Unguja, mmoja wa Wete na mmoja yuko masomoni Dar es Salaam, kama ile modeli ya plastiki ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na matawi yake inafaa kununuliwa. Naandika hapa mara moja ili nisirudie maneno yale yale kwenye simu. Inafaa. Kwa kazi moja, ambayo nitaieleza, sijaona kinachoishinda. Lakini ina makosa ambayo mwalimu asipoyajua atawasomesha watoto wa watu mambo yasiyo kweli, na duka nililonunulia lilinisumbua kupita kiasi.

Mimi ni mpiga picha za altrasaundi, miaka 14 sasa, hapa hapa Pemba. Jioni tatu kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, nawasomesha vijana wa uuguzi na utabibu barazani kwetu. Kwa kawaida huja sita au saba. Mitihani ikikaribia wanafika 12 na mama anatandika jamvi la pili. Sitozi ada. Wakija na sukari au majani ya chai nashukuru.

Kilichonifanya nitoe fedha zangu ni swali la binti mmoja mwaka jana. Ni hodari khasa. Matawi yote ya aota alikuwa ameyahifadhi kama mtoto wa chuo anavyohifadhi juzuu, ukimshtua usingizini anakutajia kwa mpangilio. Siku hiyo nilimkabidhi kifaa akiweke kwenye tumbo la mwenzake. Akaiona aota, duara jeusi linalopiga mbele ya pingili. Akaiona ateri ya mesenteri ya juu, tawi la aota linalolisha utumbo, duara dogo mbele yake. Kati ya duara hizo mbili ukapita mstari mweusi kutoka kushoto kwenda kulia, na yeye akageuka akaniuliza, "Mwalimu, hii vena imeipasua ateri?"

Ile ilikuwa vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ya figo la kushoto. Inatoka kwenye figo, inapita mbele ya aota, chini kidogo ya pale inapochomoza mesenteri ya juu, na inakwenda kuingia vena kava, vena kubwa ya tumboni, upande wa kulia. Kwenye kitabu chake vena hiyo ilichorwa kwa rangi ya buluu, ikafika kwenye aota ikakatika, ikaendelea upande wa pili. Basi yeye alielewa kwamba imekatika. Mchoro ulimpa majina, ukampa kushoto na kulia, ukamnyima mbele na nyuma. Na ndani ya tumbo la binadamu mambo mengi ya hatari yanategemea nani yuko mbele ya nani.

Nikaagiza modeli kutoka duka moja la vifaa vya maabara mjini Unguja. Imetengenezwa China. Bei ilikuwa shilingi 340,000 pamoja na kupakia kwenye boti hadi Mkoani, na mimi mwenyewe nikaifuata bandarini kwa gari ya abiria. Nilirudi Chake nimeipakata boksi lake mapajani njia nzima, kondakta akaniuliza kama nimebeba keki.

Sasa modeli yenyewe. Ni ya ukubwa wa mtu mzima. Uti wa mgongo unaanzia pingili ya 12 ya kifua, unashuka pingili tano za kiuno hadi sakramu, mfupa wa chini ya kiuno, na umesimama juu ya kibao cheusi kizito kisichotikisika. Mbele ya mifupa imelala aota nyekundu, na kulia kwake vena kava ya buluu. Nilichukua futikamba ya mama ya kushonea nikapima: kutoka pale inapoingia tumboni nyuma ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, hadi inapogawanyika matawi mawili ni sentimita 13, na upana wake ni sentimita 2 kasoro kidogo. Vipimo hivyo ni vya kweli. Nimepima aota za watu wengi kwa mashine na ndivyo zilivyo, watu wazima wasio na maradhi. Vipande vinavyotoka ni vinne: figo la kulia, figo la kushoto, bandama, na kongosho lililounganishwa na duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Vinashikwa kwa sumaku. Ini halimo, limeachwa shina la mishipa yake tu likielekea kulia.

Nianze na matawi ya mbele, maana hapo ndipo modeli hii imepata.

La kwanza ni shina la siliaki. Linachomoza mara tu aota inapoingia tumboni, kwenye kimo cha pingili ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Ni fupi, sentimita moja au mbili, halafu hapo hapo linagawanyika matatu: ateri ya kushoto ya tumbo la chakula inapanda juu, ateri ya ini inakwenda kulia, ya bandama inakwenda kushoto. Vitabu vikongwe huuita mgawanyiko huu kigoda cha miguu mitatu cha Haller, kwa jina la Albrecht von Haller, mwanazuoni wa Uswisi wa karne ya 18. Mimi nawaambia wanafunzi wakumbuke mafiga, wanacheka na hawasahau. Kwenye altrasaundi, ukikata picha kwa upana, ateri ya ini na ya bandama zinaonekana zimetanuka huku na huku kama mbawa za shakwe anayeelea juu ya maji. Kabla ya modeli nilikuwa nasema "tafuteni shakwe" na wanafunzi wanatafuta bila kujua kwa nini awe shakwe. Sasa naigeuza modeli, naiangalia kutoka juu kama ninavyoikata kwa kifaa, na mbawa wanaziona wenyewe.

Aliyeitengeneza alijua kitu kuhusu ateri ya bandama. Hakuichora imenyooka. Imepinda inapanda inashuka kama mkondo wa maji kupwa, na inapita kwenye mfereji uliochongwa ukingo wa juu wa kongosho. Ndivyo ilivyo kwa mtu. Weka kipande cha kongosho mahali pake, mshipa unazama kwenye mfereji wake, na mwanafunzi anaelewa bila kuambiwa kwa nini kongosho likivimba vibaya mshipa ule unaweza kudhurika.

La pili ni mesenteri ya juu, na hili peke yake linatosha kuitetea fedha yangu. Inatoka sentimita moja hivi chini ya siliaki, kwenye kimo cha pingili ya kwanza ya kiuno, inainama kushuka mbele ya aota kama mpini wa jembe ulioegemezwa ukutani. Kati yake na aota pana nafasi ya pembetatu nyembamba. Kwenye nafasi hiyo imepitishwa vena ya figo la kushoto, ya plastiki laini ya buluu, unaweza kuichezesha kwa kidole. Chini yake inabaki nafasi ya duodeni.

Hapo ndipo pa kumkabidhi mwanafunzi kile kipande cha kongosho. Unakileta kutoka kulia. Ukikiangalia kwa pembeni kina mwanya, kama mdomo wa samaki ulio wazi: mdomo wa juu ni mwili wa kongosho, wa chini ni sehemu ya tatu ya duodeni. Unasukuma taratibu kuelekea kushoto. Ateri inaingia kwenye mwanya. Kongosho linabaki mbele yake, duodeni inapenya nyuma yake, kati yake na aota, chini ya ile vena ya buluu. Ukifika mwisho sumaku inashika, unasikia "tak". Usipoiinamisha vizuri haiingii, inagonga ateri, na lazima uanze tena.

Yule binti niliyemtaja aligonga mara tatu. Mara ya nne ikaingia. Akakaa kimya anaiangalia, kisha akasema, "Kumbe mtu akikonda ghafla..." Nikamwambia amalizie. "Shahamu ya hapa inapungua, ateri inalala, inaibana duodeni." Akabaini kutapika kwa mgonjwa kama huyo kunatoka wapi. Sikumpa hata neno moja. Kitabu chake kilikuwa na ukurasa mzima juu ya hali hiyo na alishaupita.

Matawi ya mesenteri ya juu yamekatwa mafupi, vidole tu vya plastiki vinavyoelekea utumbo mwembamba na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. Siwalaumu. Kuyaonesha yote kungetaka matumbo yenyewe, na bei ingekuwa nyingine.

Sasa makosa.

La kwanza na kubwa ni mesenteri ya chini. Hii inapaswa kutoka kwenye kimo cha pingili ya tatu ya kiuno, mbele ya aota, ikiegemea kushoto, sentimita tatu au nne juu ya mgawanyiko. Pale inapoanza hufunikwa na ukingo wa chini wa duodeni. Inalisha nusu ya mwisho ya utumbo mpana, kutoka kwenye kona ya kushoto karibu na bandama hadi sehemu ya juu ya rektamu, mwisho wa utumbo mpana. Kwenye modeli hii imebandikwa upana wa ukucha tu juu ya mgawanyiko, kimo cha pingili ya nne. Niliposukuma duodeni mahali pake mshipa ule haukufichika kabisa, ulibaki wazi chini huko kama nguzo iliyosahauliwa. Nilidhani nimekosea kuhesabu pingili, nikahesabu kutoka juu, nikahesabu kutoka chini, nikamwita mdogo wangu anihesabie. Kosa ni la kiwanda.

Kwa mtu anayejifunza kuangalia aota kwa mashine kosa hilo si dogo. Akiamini modeli atashuka hadi kwenye mgawanyiko kutafuta mshipa alioupita, na akikutana na ateri ya iliaki, moja ya matawi mawili ya mgawanyiko huo, ataiita mesenteri. Nimeliona hilo kwa macho yangu wiki ya pili.

La pili ni ateri za figo. Zinatoka ubavuni, kimo cha pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno, chini kidogo ya mesenteri ya juu. Modeli imeziweka kimo sahihi. Lakini imezifanya ndefu sawa. Aota imelala upande wa kushoto kidogo wa mstari wa katikati, kwa hiyo ateri ya figo la kulia lazima iwe ndefu zaidi, na lazima ipite nyuma ya vena kava. Aliyetengeneza aliipitisha nyuma ya vena kava, nampa haki yake, ila aliisogeza aota katikati kabisa ili zilingane. Mtu wa mapambo huyo, anapenda kila kitu kiwe pacha. Hizi si ateri za kuchezea. Mtu akiwa amepumzika, figo zake mbili zinapokea karibu humusi ya damu yote inayotoka moyoni.

Ateri za tezi za juu ya figo zipo, nyembamba, moja kila upande. Za korodani nazo zipo, kimo cha pingili ya pili, zinashuka nyembamba kama uzi wa mshipi mbele ya misuli. Hapa huwa nasimama na wanafunzi kwa muda. Kila mwaka yupo anayeuliza kwa nini korodani, iliyo chini kiasi kile, ilishwe na mshipa unaotoka jirani na figo. Jibu lake ni zuri: korodani zilianzia huko juu, mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, zikashuka na kuuburuta mshipa wao. Ovari nazo zilishuka, ila ziliishia nyongani. Na vena zao zinafuata habari nyingine. Ya kulia inaingia moja kwa moja vena kava. Ya kushoto inaingia kwenye ile vena ya figo la kushoto, ile ile inayopita chini ya mesenteri ya juu. Ndiyo sababu mishipa ya korodani inayovimba mara nyingi ni ya upande wa kushoto. Modeli inaonesha vena ya kushoto ikiingia mahali pake barabara. Nilifurahi sana kuliona hilo, maana ni kitu ambacho mtengenezaji mvivu angekiruka.

La tatu ni mgongoni. Igeuze. Wanunuzi wengi hawataigeuza, na nahisi kiwanda kinalijua hilo. Ateri za kiuno zinatakiwa jozi nne, zinatoka nyuma ya aota na kukumbatia pingili nne za mwanzo. Humu mna jozi tatu. Ateri ya sakramu ya kati, ile moja nyembamba inayotoka nyuma ya aota pale pale inapokaribia kugawanyika na kushuka mbele ya sakramu, wameibandika kwenye iliaki ya kulia. Na ateri za kiwambo za chini, jozi inayotoka juu kabisa kabla ya siliaki au pamoja nayo, hazimo kabisa. Nimeangalia kwa tochi.

Nilichofanya ni kutengeneza. Kaka yangu ni fundi umeme, nikachukua kwake vipande vya waya wa nyumba, ule mgumu wa shaba wenye gamba jekundu. Nilipasha msumari kwenye jiko la mkaa nikatoboa tundu mahali pa pingili ya tatu, upande wa kushoto wa mbele. Mesenteri ya chini ya kiwanda niliikata kwa kisu cha kukatia karatasi, nikasugua kisiki kwa msasa, nikaipachika kwenye tundu jipya kwa gundi. Jozi ya nne ya ateri za kiuno ni waya. Ateri za kiwambo ni waya. Sakramu ya kati ni waya mwembamba wa simu. Juu ya gamba la waya nimepaka rangi ya kucha nyekundu ili zifanane na nyingine. Kazi ilinichukua siku mbili za mapumziko. Urefu wa ateri za figo sikuweza kuurekebisha, huo nauweka wazi kila somo: "Hapa modeli imekosea, ya kulia ni ndefu." Wanafunzi wanalikumbuka kosa hilo kuliko wangekumbuka usahihi.

Karatasi ya maelezo nayo iangalieni. Ina namba 1 hadi 34, kwa Kichina na Kiingereza. Namba 17 na 18 zimebadilishana: ukifuata karatasi, ateri ya korodani ndiyo inayolisha tezi ya juu ya figo. Nimeandika ya kwangu kwa Kiswahili kwa mkono, nimeipitisha kwenye mashine ya plastiki, na anayetaka nakala aniambie nimpigie picha.

Nije kwenye duka. Nilipofungua boksi nyumbani figo la kushoto halikuwemo. Boksi lilikuwa na mkanda wake wa kiwandani haujaguswa, na sponji lilikuwa na shimo la figo, tupu. Nikapiga simu. Nikasalimia vizuri, akanijibu vizuri, "Bibie, labda limeanguka njiani." Nikamwambia boksi lilikuwa limefungwa. Akasema atamuuliza tajiri. Siku ya tano tajiri amesafiri. Siku ya tisa figo limepatikana lakini anataka shilingi 8,000 ya boti. Nilikataa, kwa sababu nilishalipa hadi Mkoani na kosa halikuwa langu. Siku ya 23 likafika, limefungwa kwenye gazeti, bila hata mfuko, na sumaku yake imelegea. Hakuna aliyeniomba radhi. Siku 23 hizo nilisomesha watoto na modeli ya figo moja, na nilikuwa nimewaahidi. Hilo bado linaniuma. Jina la duka silitaji, lakini wanaouza modeli hizi mjini hawafiki wengi, basi kila mtu afungue boksi lake kaunta kabla ya kulipa.

Nikilinganisha na njia yetu ya zamani, ambayo ni mbuzi. Sikukuu Kubwa iliyopita kaka alichinja, nikamwomba asikate ovyo, anitolee aota na figo zake pamoja. Wanafunzi wanne walikuja siku ya pili ya sikukuu na glovu. Mbuzi anakupa kitu ambacho plastiki haikupi: unashika ukuta wa aota, unauona ulivyo mnene na unaorudi ukiuvuta, unaufananisha na vena kava iliyolala kama soksi iliyovuliwa. Unatandaza mesenteri, ule utando wenye shahamu, unaiona mishipa imesambaa ndani yake kama matawi ya mkarafuu yakiangaliwa kutoka chini. Lakini mbuzi ni mbuzi. Ana tumbo la vyumba vinne, na tumbo lile kubwa linalisukuma figo lake la kushoto kuelekea kulia, na pingili zake za kiuno kwa kawaida ni sita. Mwanafunzi akihesabu vimo kwa mbuzi ataharibikiwa. Navitumia vyote viwili.

Kuna siku modeli hii ilifanya kazi ambayo sikuinunulia. Mzee mmoja mvuvi wa upande wa Wesha, mvutaji sigara wa miaka mingi, aliletwa na mwanawe kwa maumivu ya mgongo. Walidhani ni figo. Nilipoweka kifaa, aota yake chini ya ateri za figo ilikuwa imevimba sentimita 6.1. Ikifika 3 tunaihesabu ni maradhi, na kwa mwanamume ikifika 5.5 madaktari wa upasuaji huanza kuzungumza juu ya kisu, maana hatari ya kupasuka inakuwa kubwa. Daktari aliwaeleza na kuwapa rufaa ya Dar es Salaam. Mwanawe alitoka nje, akarudi peke yake, akaniambia hajaelewa kitu na anaogopa kumpandisha baba yake boti kwa jambo asilolielewa.

Modeli ilikuwa kwenye gari la kaka, nikaiteremsha. Nikamwekea kidole chake kwenye ateri za figo. Nikamwambia, "Uvimbe wa mzee umeanzia chini ya hapa, unaishia kabla ya hapa panapogawanyika. Figo zake ziko juu ya uvimbe, hilo ni jambo la heri. Watapitisha bomba la kitambaa maalumu kutoka hapa hadi hapa." Akauliza, "Na hii?" Alikuwa ameshika mesenteri ya chini, ile niliyoipachika mwenyewe kwenye tundu la msumari. Ilikuwa inatoka katikati ya sehemu ya uvimbe. Nikamweleza kwamba hiyo mara nyingi hufungwa, na utumbo aghalabu hauathiriki kwa sababu mesenteri ya juu inaushika mkono kwa mshipa unaozunguka pembeni mwa utumbo mpana, lakini daktari ataangalia kwanza. Aliuliza maswali sita au saba, yote ya maana. Laiti ningeiacha mahali pa kiwanda, maelezo yale yangekuwa ya uongo. Mzee alifanyiwa upasuaji na amerudi. Juzi walituletea changu wawili wakubwa.

Kitu ambacho modeli yoyote haitakupa ni tofauti za watu. Karibu robo ya watu wana ateri ya ziada ya figo, upande mmoja au yote miwili. Takriban mtu mmoja katika kumi ateri yake ya kulia ya ini haitoki siliaki, inatoka mesenteri ya juu na kupita nyuma ya kongosho. Haya nayasomesha kwa waya ule ule: nauchomeka kwa muda, nawaambia wautafute, nauchomoa.

Uimara wake baada ya miezi minane ni wa kuridhisha. Sumaku za figo la kulia na bandama bado zinashika, ya kongosho imeanza kuchoka kwa sababu ndiyo inayotumika kila siku. Usiifute kwa spiriti, rangi nyekundu ya siliaki yangu imebanduka kwa kosa hilo. Kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha. Joto la baraza letu halijaipinda, ila naiondoa juani.

Kwa chuo chenye fedha ningesema watafute ya daraja la juu zaidi. Kwa mwalimu wa baraza kama mimi, au wanafunzi watano wanaoweza kuchangishana, 340,000 si bei mbaya. Ukiwa dukani fanya hivi kabla hujatoa fedha: toa vipande vyote uvihesabu, vinne. Igeuze uhesabu jozi mgongoni. Kisha weka kidole kwenye pingili ya tatu ya kiuno, kwa mbele, uone kama kuna kitu. Mwenzangu wa Wete alifanya hivyo mwezi uliopita. Yake ilikuwa na kosa lile lile la mesenteri ya chini, akawaonesha, wakampunguzia 40,000. Waya nimempa mimi.